Vidonge vya Baba Mkubwa

Katika nyumba nyingi za hapa Manono kuna kopo juu ya kabati, au mfuko uliotundikwa ukutani, ambamo hutiwa vidonge vilivyosalia. Mtoto akipona homa kabla dawa haijaisha, mama huvifunga vidonge katika karatasi na kuviweka. Twasema: akiba haiozi. Nyumba yetu pia ilikuwa na kopo la namna hiyo. Leo halipo tena, na sababu ya kuliondoa ndiyo tunayotaka kuwasimulia, wapenzi wasomaji, maana yaliyotupata sisi yaweza kuupata mlango wo wote.

Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu, aliugua mafigo yote mawili hata yakashindwa kazi. Mwaka 2018, baada ya ukoo mzima kuchanga na kuuza kilichoweza kuuzwa, alipelekwa India, na dada yetu akampa figo lake moja. Dada hakushurutishwa na mtu. Alisema tu kwamba Mungu alimpa mawili, na mdogo wake hana hata moja. Tulifurahi kumsikia, tena tulijua kwamba Kanisa linakiheshimu kipaji cha namna hiyo. Baba Mtakatifu Pius XII alikwisha kusema juu ya kutoa sehemu za mwili mwaka 1956, alipozungumza na watu wa Italia waliojitolea macho yao yapewe vipofu baada ya kufa kwao. Tena Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, tarehe 29 Agosti 2000, aliwaambia waganga waliokusanyika Roma kwamba kutoa kiungo kwa hiari, bila kukiuza, ni tendo la upendo wa kweli.

Walirudi wote wawili wakiwa wazima. Lakini mdogo wetu alirudi na sharti moja: kumeza dawa kila siku, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Maana mwili una askari wake, ndizo chembe nyeupe za damu, nao hawajui kwamba figo la dada ni zawadi. Wao huliona kama mgeni aliyeingia bila ruhusa, wakalishambulia. Kwa hiyo dawa huwatuliza askari hao, si kuwaua wote, bali kuwapunguzia ukali. Wakiwa wengi na wakali, figo hufa. Wakiwa wachache mno, mtu hufa kwa ugonjwa mdogo. Mgonjwa wa namna hii hutembea juu ya gogo lililolazwa mtoni: akiegemea huku ni hatari, na huku ni hatari.

Mojawapo ya dawa zake iliitwa azathioprini. Hiyo ni dawa ya zamani, yenye bei nafuu kuliko nyingine. Iligunduliwa Marekani na Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Joseph Murray, mganga Mkatoliki wa Boston, alikuwa amepandikiza figo kwa mafanikio mwaka 1954, lakini kati ya mapacha wa kufanana tu, ambao miili yao haikataani. Ni dawa hii iliyomwezesha mwaka 1962 kumpandikizia mgonjwa figo la mtu asiye ndugu yake. Basi ilikuwa dawa njema. Kwa miaka minne ilimhifadhi mdogo wetu.

Mwaka 2022, wakati wa mvua, kidole gumba cha mguu wake kilivimba na kuwaka kama moto. Usiku hakuweza kustahimili hata shuka. Baba yetu mkubwa alipokuja kumwona akautambua ugonjwa mara moja, maana yeye mwenyewe ameusumbukia miaka mingi: ni jongo. Akatia mkono mfukoni akatoa vidonge vyake.

"Mwanangu, chukua," alisema. "Hivi nilipewa na mganga, na tangu nilipoanza kuvimeza ninalala usingizi."

"Asante, baba," alijibu mdogo wetu. Kisha akatutazama sisi, kama mtu anayeuliza.

Nasi tukasema: "Meza, mzee amekupa."

Neno hilo ndilo linalotuuma mpaka leo. Baba mkubwa alitoa kwa moyo mweupe, na mgonjwa alipokea kwa heshima. Sisi tuliosoma, sisi tuliojua kwamba ameagizwa asimeze kitu bila kuuliza, ndio tuliompa ruhusa. Tuliona haya kuukataa mkono wa mzee.

Maumivu ya kidole yalipungua baada ya siku chache, kama yanavyoweza kupungua yenyewe. Tukamsifu baba mkubwa. Lakini wiki ya nne ilipoingia, mdogo wetu alianza kuchoka. Alikaa chini kila mara njiani akienda kanisani. Ikaja homa, na vidonda vya kinywani, hata akashindwa kumeza ugali. Ufizi ukatoka damu. Tulidhani ni malaria, tukampa dawa ya malaria, homa haikukoma. Ndipo tukatafuta nafasi katika ndege ndogo, tukampeleka Lubumbashi.

Huko walimpima damu. Kwa mtu mzima, chembe nyeupe huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika tone dogo linalopimwa. Zake hazikufika 900. Uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu, ulikuwa karibu umefungwa. Mganga, mama mmoja mwenye sauti ya upole, hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu:

"Ndugu zangu, katika nyumba yenu nani mwingine anameza dawa?"

Tukanyamaza kidogo. Kisha tukamtajia vidonge vya baba mkubwa. Aliuliza jina lake, tukalisoma katika kikaratasi: alopurinoli. Yule mama akaweka kalamu chini, akaenda mwenyewe kumwambia mwuguzi azisimamishe dawa zote mbili saa ile ile.

Baadaye alitueleza jambo lenyewe, nasi twalieleza kwa mfano wa hapa kwetu. Wazee waliofanya kazi ya bati wanaujua mfereji wa kuoshea mchanga. Maji yakipita kwa kadiri, huchukua mchanga na bati hubaki chini. Pembeni kuna milango ya kuyatoa maji yaliyozidi. Milango hiyo ikizibwa, maji hujaa, yakachukua mchanga na bati pamoja, na kazi ya siku nzima hupotea. Dawa ya azathioprini mwilini ni kama maji hayo. Sehemu yake hufanya kazi ya kutuliza askari wa mwili. Sehemu iliyozidi hutolewa kwa milango. Mabawabu wa milango ni vitu vidogo mno viitwavyo vimeng'enya. Mwili unavyo vimeng'enya maelfu, na kila kimoja kina kazi yake: kuvunja hiki, kuunga kile, kuondoa kingine.

Mlango mmoja wa azathioprini hulindwa na kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidezi. Na kimeng'enya hicho ndicho kinachotengeneza ile asidi inayosababisha jongo. Kwa hiyo dawa ya jongo hufanya nini? Humfunga bawabu huyo. Kwa baba mkubwa ni vema, maana asidi hupungua. Kwa mdogo wetu ilikuwa kuziba mlango wa maji. Dozi yake ya azathioprini, ambayo kwa miaka minne ilikuwa ya kadiri, ikageuka kuwa gharika. Waganga wakilazimika kuzitoa dawa hizo mbili pamoja, huipunguza azathioprini hata robo au theluthi ya kipimo chake, na kupima damu mara kwa mara. Sisi tulizichanganya kwa adabu na upendo, bila kupima cho chote.

Mlango wa pili hulindwa na kimeng'enya kingine, kiitwacho kwa kifupi TPMT. Hapa yule mama alituambia neno lililotushangaza zaidi: wako watu wanaozaliwa bila bawabu huyo. Mwaka 1980 mganga Richard Weinshilboum wa Marekani alionyesha kwamba upungufu huu ni wa kurithi, kutoka kwa baba na mama. Katika watu wa asili ya Ulaya, mtu 1 katika 300 hivi karibu hana kimeng'enya hiki kabisa, na 1 katika 10 hivi anacho nusu. Upungufu huo uko pia kwetu Waafrika. Mtu kama huyo huishi maisha yake yote bila kujua, hulima, huoa, huzeeka. Lakini siku akipewa azathioprini kwa kipimo cha kawaida, uboho wake huzimika, ingawa hakumeza kidonge cha mtu mwingine. Mahali penye uwezo, waganga humpima mgonjwa kwanza.

Basi, hasara iliyompata mdogo wetu kwa kidonge, mwingine huzaliwa nayo. Ndiyo maana yule mama mganga hakutosheka na swali lake la kwanza. Alitaka kumpa mgonjwa dawa ya kumkinga na ugonjwa wa mapafu, maana askari wake walikuwa wachache. Dawa ya kawaida aliiogopa kwa sababu yaweza kuuongezea uboho mzigo. Ikabaki nyingine, dapsoni. Kabla ya kuiandika akamgeukia mama yetu:

"Mama, katika ukoo wako kuna mtu aliyewahi kudhuriwa na dawa?"

Mama alifikiri, kisha machozi yakamtoka. Akamtaja kaka yake, mjomba wetu, ambaye sisi hatukumwona. Alikuwa na ukoma, akapewa dawa katika kituo cha wakoma. Baada ya siku chache macho yake yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, nguvu zikamwisha, akafa. Watu wakasema amelogwa. Wakamtaja jirani mmoja, mjane, na mjane huyo akahama kijiji akiwa na watoto wake. Dawa aliyokuwa akimeza mjomba ilikuwa hiyo hiyo dapsoni.

Damu ya mdogo wetu ikapimwa. Ikaonekana kwamba ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisivunjike. Mwenye upungufu huo akimeza dapsoni, au primakwini kwa kipimo kikubwa, chembe zake nyekundu zaweza kupasuka kwa wingi. Upungufu huu mama huupitisha kwa wanawe, naye mwenyewe mara nyingi haugui. Wanaume ndio wanaoonyesha zaidi. Basi dapsoni haikuandikwa. Swali moja lililoulizwa kwa wakati wake lilimwokoa mdogo wetu mara ya pili. Na kama swali hilo lingaliulizwa zamani, labda mjomba angaliishi. Tena yule mjane asingalifukuzwa kwa kosa ambalo huenda hakulitenda mtu ye yote. Tumemwombea katika Misa. Tungalimtafuta tumwombe radhi, lakini hatujui alikokwenda.

Tusidhani kwamba upungufu huo ni laana ya ukoo wetu. Mwaka 1956 waganga wa Marekani waligundua kwamba kupungua kwa G6PD ndiko kunakosababisha primakwini kuwadhuru watu fulani. Mwaka 1960 Anthony Allison, mwana wa walowezi aliyekulia Kenya, aliandika juu ya upungufu huo katika watu wa Afrika ya Mashariki. Ndiye yule yule aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi selimundu upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Upungufu wa G6PD nao umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imetawala tangu kale, na wataalamu wanaona kwamba ulibaki katika damu ya watu kwa kuwa ulisaidia kuwakinga. Kwa hiyo kasoro hiyo ni kama kovu la vita ambavyo babu zetu walipigana na mbu, wakashinda kiasi cha kutuzaa sisi.

Na habari za Bwana Allison hazikuishia hapo. Baada ya miaka mingi alirudi kuwaza juu ya watoto wanaozaliwa na upungufu wa vimeng'enya. Aliwatazama wa aina mbili. Wa kwanza hukosa kimeng'enya kiitwacho ADA, na watoto hao karibu hawana askari wa mwili kabisa. Wa pili hukosa kingine kiitwacho HGPRT: hao hupata jongo na mateso makubwa, hata hujiuma midomo na vidole, lakini askari wao wa mwili wanabaki karibu salama. Kwa kulinganisha mateso ya hao na ya hawa, Allison aliifahamu njia ambayo chembe nyeupe huitegemea kuliko chembe nyingine. Akasema: tukiizuia njia hiyo, tutawatuliza askari bila kuudhuru sana mwili mzima. Yeye na mkewe, Elsie Eugui, wakaitafuta dawa ya kuizuia. Waliipata katika kitu ambacho Mwitalia Bartolomeo Gosio alikitoa katika ukungu wa mahindi yaliyoharibika, mwaka 1893. Ndiyo dawa ya mikofenoleti, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Hata hivyo, mwenye upungufu wa HGPRT huonywa asiimeze, maana yaweza kumzidishia jongo. Tena haimfai mwenye mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Tulipoyasikia hayo tulikaa kimya. Watoto wachache, walioteseka mbali sana na kwetu, wamefungua njia ya kuokoa maisha ya maelfu. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, na jinsi viungo vilivyo dhaifu vinavyohitajiwa. Tulikuwa tumelisoma fundisho hilo mara nyingi. Sasa tumeliona katika chupa ya dawa.

Mdogo wetu alilala hospitali wiki sita. Chembe nyeupe zilirudi polepole. Figo la dada halikufa, lakini halina nguvu kama zamani, nasi hatujui litadumu miaka mingapi. Hiyo ndiyo bei ya neno letu, "Meza, mzee amekupa." Dada alipoambiwa hakusema neno la ukali. Aliuliza tu kama mdogo wake anakula.

Siku hizi kupandikiza figo si jambo la ng'ambo tu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kwa hiyo wagonjwa kama mdogo wetu wataongezeka katika parokia zetu, nao watakaa benchi moja nasi kanisani. Yafaa tujue jinsi ya kuwalinda.

Kwanza, kidonge si kama chumvi, kwamba jirani akikosa tumgawie. Dawa huandikiwa mwili mmoja. Hata dozi haifanani. Iko dawa nyingine ya figo, takrolimasi, ambayo Waafrika wengi huhitaji nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu kimeng'enya chetu kinachoivunja kina nguvu zaidi. Kama mataifa hutofautiana hivyo, na ndugu wa tumbo moja hutofautiana pia, nani atapima kwa macho?

Pili, mwambieni mganga yote: vidonge, mizizi, majani, chai ya dawa, hata kile mlichopewa na mzee mnayemheshimu. Kuuliza si ujinga, na kujibu ukweli si kumsaliti mtu. Wala mgonjwa wa figo asiache dawa zake kwa kuwa amesikia habari hii. Akiziacha, figo litakataliwa. Aulize kwanza, kisha atende.

Tatu, ninyi wanafunzi mnaojua kuandika, fanyeni kazi tuliyoifanya sisi. Chukueni daftari, kaeni na mama na bibi, andikeni: nani katika ukoo alidhuriwa na dawa, ni dawa gani, na alionyesha dalili gani. Andikeni hasa habari za wajomba. Mtu akienda hospitali, achukue daftari hilo.

Baba mkubwa alipopata habari alikuja kwetu usiku, akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema, "Mwanangu, nilitaka kukuua." Mdogo wetu akamshika mkono akamketisha, akamwambia, "Hapana, baba. Ulitaka nilale usingizi." Kisha sote tukasali Rozari. Asubuhi yake baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyelichukua lile kopo, akalipeleka katika zahanati ili vidonge viharibiwe ipasavyo.

Mahali pake juu ya kabati sasa pana daftari, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Ukurasa wa kwanza una jina la mjomba.